Tanga hadi Pemba: ununue tiketi ipi?

Kutoka uwanja wa ndege wa Tanga hadi ule wa Karume, karibu na Chake Chake, ni kilomita 84 hivi kwa mstari ulionyooka. Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayobeba abiria 12 au 13, hukaribia kilomita 300 kwa saa. Hesabu tupu inatoa dakika 17; ukiongeza kupaa, kugeuka na kutua, weka 20 hadi 25. Kwa mwendo mfupi hivi, muda mwingi huishia ardhini, kwa hiyo tumezipanga njia tatu, bora ikitangulia, kwa kuangalia safari nzima pamoja na mzigo ulio nao.

1. Ndege ya moja kwa moja. Hii ndiyo ya kwanza kwa mwenye begi moja. Fika uwanjani saa moja kabla, na kitambulisho mkononi. Mzigo unaoruhusiwa kwa kawaida ni kilo 15, na mara nyingi wa mkononi huhesabiwa humo humo. Chukua begi laini: sehemu ya mizigo chini ya tumbo la Caravan ni ya kina kifupi, na sanduku gumu halikunjiki. Usishangae ukiambiwa upande mzani wewe mwenyewe, maana uzito wa abiria ndio unaoamua nani akae wapi na mafuta yawe kiasi gani. Mzigo ukizidi, uliza kabla ya kulipia tiketi. Ndege ikijaa, hata ukiwa tayari kulipa nyongeza begi litabaki.

Uliza pia ndege inatokea wapi. Nyingi huwa kwenye mzunguko wa Dar es Salaam, Unguja, Pemba na Tanga. Ikichelewa kituo cha kwanza, wa mwisho ndiye anayesubiri zaidi. Tiketi ikiandikwa 08:00 ni saa 2 asubuhi. Wapo wanaoachwa kwa hilo.

2. Meli. Mwenye magunia, friji au familia kubwa aanzie hapa. Haiendi kila siku, hivyo hakikisha ratiba bandarini wiki hiyo hiyo. Ukishukia Mkoani bado una kilomita 30 hivi hadi Chake Chake. Kusi ikivuma, katikati ya mwaka, mkondo wa Pemba huchafuka. Kaa katikati ya meli, sitaha ya chini, na usile sana kabla ya kupanda.

3. Ndege kupitia Unguja. Tanga–Unguja ni kilomita 127, Unguja–Pemba 126: jumla 253, mara tatu ya njia fupi. Inafaa tu siku ambayo ya moja kwa moja imejaa au haipo. Nunua safari zote mbili kwenye tiketi moja. Ukizinunua mbalimbali na ya kwanza ikachelewa, ya pili inapotea na hasara ni yako. Ukilazimika kufanya hivyo, acha angalau saa 3 kati ya ndege hizo mbili.

Mashua za bandari bubu, yaani zisizo rasmi, hatuzipangi kabisa, hata bei iwe ndogo vipi. Hazina orodha ya abiria, na maboya ya kujiokolea ni bahati. Zikizama, hakuna anayejua atafutwe nani.

Ukinunua mtandaoni, angalia alama za viwanja kabla ya kulipa: Tanga ni TGT, Pemba yetu ni PMA. Ukiona POL umechagua Pemba ya Msumbiji.