Linux Mint kwa kazi za kila siku: uzoefu wangu baada ya kuiacha Windows

Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi bado nzima hazikidhi masharti ya Windows 11, hasa lile la TPM 2.0 (chipu ya usalama). Kwa mashine ya aina hiyo yenye RAM ya GB 4 au zaidi, mimi nachagua Linux Mint, mfumo wa kompyuta unaochukua nafasi ya Windows, katika toleo la Cinnamon. Ikiwa na GB 2 tu, toleo la Xfce ni jepesi zaidi, ila kivinjari kitalemewa ukifungua kurasa nyingi kwa pamoja. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, mfumo mwingine wa Linux, na itapata masasisho hadi 2029.

Kusimika ni kazi ndogo. Kinachowakwamisha watu ni maandalizi.

Faili la ISO, yaani faili la kusimikia Mint unalopakua, lina takriban GB 3, kwa hiyo flashi ya GB 8 inatosha. Kabla ya kuliandika kwenye flashi kwa programu ya balenaEtcher au Rufus, linganisha alama yake ya SHA256 (msimbo wa kuthibitisha kuwa faili ni zima) na ile iliyotolewa na watengenezaji. Faili lililoharibika wakati wa kupakua linaweza kuwaka vizuri kabisa, kisha usimikaji ukafia katikati.

Ukitaka kubaki na Windows pembeni, ingia humo kwanza. Nakili ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows la kusimba diski) wenye tarakimu 48, kwa sababu ukibadilisha mipangilio ya kuwasha mashine unaweza kuulizwa. Kisha fungua Command Prompt kama msimamizi uandike powercfg /h off. Amri hiyo huzima Fast Startup, njia ya Windows ya kuwaka haraka. Bila hivyo, Windows ukiizima haizimiki kabisa: huacha diski ikiwa nusu imefungwa, na Mint ikiifungua unasoma mafaili lakini huwezi kuhifadhi kitu.

Sasa washa kompyuta kwa flashi, lakini usisimike bado. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, mwanga wa skrini, printa, na uilaze mashine kisha uiamshe. Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Wi-Fi isipoonekana, mara nyingi ni chipu ya Broadcom: unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, halafu fungua Driver Manager ikutafutie draiva. Diski isipoonekana, huenda kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) diski imewekwa katika hali ya RST au RAID badala ya AHCI. Usiibadilishe ghafla, kwani Windows itagoma kuwaka. Iweke Windows kwanza iwake kwa Safe Mode, badilisha BIOS iwe AHCI, kisha irudishe Windows katika hali ya kawaida.

Wakati wa kusimika, weka alama kwenye kisanduku cha kodeki za sauti na video. Ukimaliza, fungua Timeshift, programu ya kuhifadhi nakala ya mfumo, kabla ya kuongeza programu yoyote. Wengi huielewa vibaya: kwa kawaida huhifadhi mfumo tu, na haigusi picha wala nyaraka zako. Hizo zihifadhi kwenye diski ya nje. Jambo jingine kwa wageni: ukiandika nenosiri la sudo kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), Mint huonyesha nyota badala ya herufi. Linaingia, malizia tu ubonyeze Enter.

Saa ikivurugika kila ukihama kati ya mifumo miwili, sababu ni kwamba Linux huiweka saa ya mashine katika UTC (saa ya kimataifa) na Windows katika saa za eneo. Andika timedatectl set-local-rtc 1 kwenye terminali ya Mint na tatizo limekwisha.

Kazi kubwa kuliko zote ni nyaraka za ofisi. LibreOffice, programu za ofisi za Mint, hufungua docx na xlsx, lakini pasipo fonti ya Calibri mistari husogea na barua ya ukurasa mmoja humwaga mstari wa sahihi kwenye ukurasa wa pili. Dawa ni fonti za Carlito na Caladea, zenye upana uleule wa herufi za Calibri na Cambria:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Nyaraka ya kusomwa tu, itume kama PDF. Makro nzito za Excel ni habari nyingine: nyingi huvunjika, na Photoshop haina toleo la Linux. Kama riziki yako inategemea hivyo viwili, bakiza Windows pembeni. Kwa kivinjari, barua pepe, video na uandishi, mimi sijaona sababu ya kurudi.