PS4 Slim ya mtumba ndani ya nyumba ya Dodoma

Nianze na bei, maana ndiyo ninayoulizwa kwanza kila nikitaja jambo hili kazini. PS4 Slim ya GB 500, mashine ya Sony ya kuchezea gemu kwenye TV, pedi mbili, waya zake zote na CD moja ya mpira, nimelipa shilingi 520,000 kwenye duka dogo la vifaa vya umeme upande wa soko la Majengo. Kariakoo ningeipata kwa laki nne na nusu, na basi la usiku lingeniletea. Nimeongeza hiyo elfu sabini kwa kujua, kwa sababu Majengo niliiwasha, nikacheza, nikasikiliza feni yake, na ikisumbua naujua mlango wa kugonga. Tumeitumia tangu upepo wa Juni mwaka jana, mvua zikaja na kwenda, kwa hiyo naongelea mashine iliyokwisha kula vumbi la Nkuhungu.

Mimi ni mama wa watoto wawili na kazi yangu ni ya mahesabu. Sikuinunua kwa ajili ya watoto peke yao. Nacheza, na ninapenda kucheza.

Wenzangu wengi wanashangaa kwa nini sikungoja nidunduize ninunue PS5, ambayo imeingia sokoni tangu Novemba 2020. PS4 ni ya Novemba 2013, na hii Slim ni ya Septemba 2016, kwa hiyo kwa umri ni bibi. Ila mimi nilichokuwa natafuta ni mlango wa CD. Toleo la Digital la PS5 halina mlango huo, na hata PS5 Pro, iliyotoka Novemba 2024 na kuuzwa ghali kuliko zote, ukiinunua inakuja bila mlango, unautafuta kando. Kwa mtu wa Dodoma hilo ni jambo zito. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zenye duka la mtandaoni la PlayStation. Ukitaka kununua gemu huko unafungua akaunti ya Marekani au Afrika Kusini, unatafuta kadi ya malipo ya nchi hiyo, halafu unalipa bei ya huko. Ukimaliza kulipa, unaanza kulishusha gemu kwa bando. Gemu kubwa za siku hizi nyingi zinapita GB 50, na zipo zinazokaribia 100. Piga hesabu mwenyewe.

CD inazunguka. Ofisini kwetu, kule Mji wa Serikali, tupo watu wanne tunaobadilishana: Ijumaa mfuko unaondoka na gemu moja, Jumatatu unarudi na jingine. CD za PS4 hazijafungwa kwa nchi, kwa hiyo ya Uingereza, ya Dubai na ya Marekani zote zinacheza kwenye mashine moja. Na ukilichoka gemu unaliuza. Gemu la kwenye akaunti huwezi kuliuza wala kumrithisha mdogo wako.

Kwa mpira nina utaratibu wangu na nauheshimu. Toleo jipya la EA Sports FC, gemu la mpira, hutoka kila mwaka mwishoni mwa Septemba. Mimi hununua Oktoba, lakini nanunua la mwaka uliopita, maana hapo ndipo wenye haraka wanapouza CD zao za zamani na bei inaporomoka. Wachezaji waliohama timu tunawahamisha wenyewe kwa mkono, mwanangu wa darasa la tano anaifanya kazi hiyo kwa furaha kuliko mechi yenyewe.

Kuna kitu kinaitwa akaunti ya kushea, na hapo nataka niseme kwa nguvu. Unalipa elfu thelathini au arobaini, muuzaji anaingiza akaunti yake kwenye mashine yako, gemu kumi zinajitokeza kwenye TV na moyo unafurahi. Akibadilisha nywila, au akiwauzia wengine akaunti ile ile, unawasha jioni moja na kukuta kila gemu lina alama ya kufuli. Jirani yangu yamempata, na duka alilonunulia halipokei simu tena. Hela yake imekwenda na watoto wanalia. Usinunue hivyo. CD moja unayoishika mkononi inazidi gemu kumi zilizo kwenye akaunti ya mtu mwingine.

Sasa mashine yenyewe. Mji wetu ni mkavu, na kuanzia Juni mpaka Septemba upepo unaleta vumbi jekundu ndani ya nyumba hata madirisha yakifungwa. PS4 inavuta hewa kwa feni, na kila inachovuta hapa kina vumbi ndani yake. Vumbi likijaa, joto linapanda, feni inaongeza mwendo na sebule nzima inanguruma kama mashine ya kusaga, halafu inatoka taarifa kwamba mtambo umepata joto kupita kiasi na unajizima. Kwa hiyo ukienda kununua, usiridhike kuona picha imetokea kwenye TV. Mwambie kijana wa dukani aweke gemu zito, kaa nalo nusu saa, weka kiganja nyuma inapotokea hewa. Mimi nilikaa. Alinivumilia, akanipa na kiti, akasema, "Cheza tu dada, usione haya." Nilimheshimu kwa hilo.

Hapo hapo dukani washa hotspoti ya simu yako uiunganishe na mtandao. Mashine iliyofungiwa na mtandao wa PlayStation itakataa kuingia, na ni bora ujue ukiwa bado na hela mfukoni. Ingiza CD na kuitoa mara kadhaa. Kisha shika pedi, acha vijiti bila kuvigusa, tazama kama mchezaji anatembea peke yake. Pedi moja niliyopewa mwanzo ilikuwa hivyo, ikabadilishwa bila maneno.

Nyumbani nimeiweka juu ya meza iliyo wazi pande zote, kamwe si ndani ya kabati la vioo. Ikizimwa naifunika kitenge, ikiwashwa kitenge kinatoka. Kabla ya mwaka kwisha nimempelekea fundi akaipuliza na kubadilisha pasta ya joto, ile inayosaidia kuupoza mtambo, elfu ishirini na tano, na sauti ikarudi kuwa ya kunong'ona. Umeme wake hauna shida na wetu: mtambo unapokea volti 100 mpaka 240, kwa hiyo usiogope iliyotoka Japani au Marekani, na waya wake ni ule ule wa redio unaouzwa kila kona. Stabilaiza nimenunua hata hivyo. Umeme ukikatika ghafla, ukirudi inaanza kwa kukagua hadidiski yake kwanza. Iache imalize, usiichomoe.

Lakini sababu kubwa ya kuandika haya yote ni gemu za kukaa pamoja.

Nimekulia Kondoa. Kaka zangu walikuwa na PS2, na sisi wasichana hatukuwa tunaruhusiwa kwenda vibanda vya gemu, kwa hiyo nilijifunzia nyumbani, na nilijifunza vizuri. Tulikuwa na Need for Speed Underground 2 ya mwaka 2004: kioo kinagawanywa, wewe juu, mwenzako chini, na unamchungulia kaka yako yuko kona ipi. Tulikuwa na Tekken, watoto wote wa mtaa wanamgombania Eddy kwa sababu ukibonyeza vitufe vya mateke bila mpango anapiga vizuri tu. Kila aina ya gemu ilikuwepo mezani: magari, mieleka, ngumi, mpira. Mgeni akija anapewa pedi.

Pita leo vibanda vya gemu vya Chang'ombe au Majengo. TV nne, zote mpira. Nimeuliza, na wenye vibanda wananipa sababu ya maana: wanauza muda. Mechi ya mpira ina dakika zinazojulikana, unalipa jero, unacheza, aliyefungwa anasimama, anakaa mwingine. Tekken aliye fundi anaimaliza kwa dakika moja na mteja anaona ameibiwa. Gemu la hadithi haligawanyiki kwa jero jero. Kwa hiyo ngumi na magari vimetoka vibandani taratibu, na kijana wa miaka 15 wa mji huu anaweza kuwa hodari sana wa kupiga faulo bila kuwahi kukata kona na mtu aliyekaa ubavuni mwake.

Watengenezaji nao wamesukuma upande huo huo. Wakiondoa kioo cha kugawana, wachezaji wawili wanahitaji mashine mbili, CD mbili na intaneti mbili. Need for Speed Heat ya 2019 ni nzuri kwa macho, lakini ndani ya chumba ni ya mtu mmoja. Gran Turismo 7 bado inagawa kioo, ila sehemu yake kubwa inataka uwe umeunganishwa na mtandao muda wote, na bando langu halitoshi kwa hilo. Inaniuma, maana magari ndiyo yalinifanya nipende gemu.

PS4 ndiyo mashine ambayo bado nazipata gemu hizo kwa bei ya mama wa kawaida. Crash Team Racing Nitro-Fueled ya 2019 inachukua mpaka watu wanne kwenye TV moja, bila intaneti, na binti yangu wa miaka saba anaweza kumshinda baba yake kihalali. Tekken 7 ya 2017 ipo. Tekken 8 haikuletwa PS4 kabisa. Kwa mpira, mdogo wangu ameing'ang'ania PES 2021, ya mwisho kabla Konami, watengenezaji wake, hawajageuza jina kuwa eFootball, na namuelewa: amechukua timu zisizo na leseni, akaziwekea majina na jezi za Simba, Yanga na Dodoma Jiji kwa flashi. Shemeji zangu wakija Jumapili hawataki Madrid wala Liverpool. Wanataka dabi ya Kariakoo, na nyumba inajaa kelele mpaka majirani wanaingia. Upande wa pili, ule uliokuwa unaitwa FIFA mpaka toleo la 23 na sasa ni EA Sports FC, umetoa CD za PS4 hata kwa FC 26 ya 2025, ingawa wenye PS5 wanapata mwendo wa wachezaji ulio laini zaidi.

Na kuna It Takes Two. Ilitoka Machi 2021 na mwaka huo huo ikachukua tuzo ya gemu bora la mwaka kwenye The Game Awards, lakini hapa mjini sijawahi kuikuta kwenye kibanda hata kimoja. Haichezwi na mtu mmoja, haiwezekani. Mume na mke wanaotaka kuachana wanageuzwa wanasesere, na kila hatua inamtaka mmoja ashike kitu ili mwingine apite. Mume wangu hakuwa mtu wa gemu. Tuliicheza watoto wakishalala, kidogo kidogo, na kuna usiku tulibishana juu ya nani aruke kwanza mpaka tukacheka hadi machozi. Sijui kifaa kingine kilichotukalisha kochi moja namna hiyo bila simu mkononi. Gemu lao lililofuata, Split Fiction la Machi 2025, halijaletwa PS4.

Hapo ndipo upungufu wake ulipo na sitauficha. Mlango unafungwa. Gemu la GTA VI limetangazwa kwa PS5 na Xbox mpya (mashine ya Microsoft) tu, kwa hiyo mwenye hamu nalo asinunue mashine hii kwa matumaini. CD zako za PS2 haitazisoma, usizibebe. GB 500 zinajaa upesi, maana CD nayo inajinakili ndani kabla ya kucheza. Mimi nimeongeza hadidiski ya nje, inakubali kuanzia GB 250. Kusubiri gemu lifunguke ni kurefu, unaweza kusonga ugali. Betri za pedi haziwahi kutosha jioni nzima, na pedi za kopi za elfu ishirini na tano zinachoka ndani ya miezi michache. Tafuta pedi halisi iliyotumika, hata kwa elfu hamsini.

Kwa laki tano na ushee, yenye pedi mbili nzima na feni isiyopiga kelele, ningeinunua tena kesho. Ikivuka laki sita usichukue, ongezea upate PS5 yenye mlango wa CD. Ile Slim ya GB 500 ukiambiwa ni "mpya ndani ya boksi", fungua boksi mbele yao.

Natafuta CD ya Tekken 7, haijalishi ya nchi gani, ilimradi haina mikwaruzo. Nina FC 24 ya kubadilishana. Aliye Ipagala, Ilazo au Kisasa aache ujumbe hapa chini, tunakutana Nyerere Square mchana na kila mtu anaondoka na yake.