Mkanda wa static wa mkononi: chukua wa waya, ule usio na waya achana nao

Wadau mnaofungua desktop zenu wenyewe, huu mkanda wa kuondoa static (chaji ya umeme inayojikusanya mwilini) mi naupa tano kwa tano, bei yake ndogo sana ukilinganisha na madabodi (bodi kuu ya kompyuta). Unauvaa mkononi kama saa, klipu yake unaibana kwenye chuma cha keisi, ila sio palipopigwa rangi maana rangi haipitishi umeme, tafuta kona ambayo chuma kiko wazi. Kwenye ule waya kuna rezista (kifaa cha kupunguza umeme unaopita) ya megaomu 1, hiyo ndo inakulinda wewe ukigusa umeme kwa bahati mbaya, kwa hiyo jamani usiikate ukaunga waya wa kawaida. Static mpaka uisikie kidoleni inakuwa imefika kama volti 3,000, na kuna chipu zinakufa hata chini ya 100, yaani unaua RAM na hujasikia kitu! Ule usio na waya sipendekezi kabisa, chaji haina pa kwenda.

Ila mkanda haumalizi kila kitu. Zima mashine, chomoa waya ukutani, bonyeza batani ya kuwashia sekunde kadhaa, vua pete. Pawa saplai usiifungue kabisa, umeme wetu ni wa volti 230 na kapasita (vifaa vinavyotunza chaji) za mle ndani zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata ukishachomoa, hiyo mpe fundi anayeijua.

Kasoro niliyoiona ni kitambaa kulegea, kikilegea kile kichuma cha upande wa ndani wa mkanda hakigusi ngozi na hapo haukulindi tena, so kaza vizuri kabla hujashika kitu.