Mapumziko ya wawili visiwani mkitokea Mwanza: ipi mlipie kwanza

Kila ikikaribia Septemba, mashoga zangu wa hapa Kirumba huniuliza swali lile lile: "Nataka mimi na mzee tupumzike visiwani, tuogelee, tuone samaki. Tulipie wapi?" Mimi na mume wangu tumeweka akiba ya safari hizi kwa miaka mingi, kwa hiyo nazipanga hapa kwa jinsi ninavyoamini, nikianza na ile ambayo ningeilipia tena kesho.

Jambo moja kwanza. Kama mnataka kuvaa miwani na mrija wa kupumulia mkatazame viumbe majini, msilipie ziwani. Victoria ni ziwa letu na ninalipenda, ila maji yake ni ya kijani na mazito, hayaonyeshi mbali. Tena penye matete na maji ya kina kifupi kuna konokono wanaobeba kichocho. Pesa ya miwani ipelekeni baharini.

Ya kwanza kwangu ni Mafia. Mnapanda ndege Mwanza hadi Dar, kisha ndege ndogo ya kama nusu saa. Wenye muda na bajeti ndogo wanapita barabara hadi Nyamisati na kuvuka kwa kivuko hadi Kilindoni, mji wa Mafia. Ndege ndogo zina masharti ya mzigo, mara nyingi kilo 15 kwa mtu, kwa hiyo acheni viatu vya harusi nyumbani. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa 1995 na ina kilomita za mraba 822. Ghuba ya Chole ina matumbawe ambayo hata anayejifunza kuogelea anayafikia. Mchana mnavuka kwa mashua hadi kisiwa cha Chole kuwatazama popo wakubwa wanaolala mitini, au mnakwenda Juani, ambako kasa hutaga.

Lakini kinachonifanya niiweke juu ni papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote na asiyewinda watu. Kuanzia Oktoba hadi Februari husogea karibu na Kilindoni kufuata uduvi. Nilipoingia majini mara ya kwanza nilianza kupiga miguu nimfuate, na nahodha akaniita: "Mama, usimkimbilie. Elea tu, atapita mwenyewe." Nikaelea. Akaja polepole, mdomo wazi anachuja maji, mgongo umejaa madoa meupe kama mtu kamnyunyizia unga. Alipita chini yangu hata nikaona samaki wadogo waliojificha chini ya tumbo lake. Mume wangu alinishika mkono majini na hatukusema neno mpaka tuliporudi kwenye boti. Msimguse, na mkae mbali na mkia.

Kabla ya kulipia Mafia, ulizeni tarehe zenu zinaangukia bamvua au maji mafu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa na kupwa kwa nguvu na mkondo wa Chole unavuta sana. Maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, ni rafiki wa wasio waogeleaji hodari. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, msiende.

Ya pili ni Rubondo, kisiwa cha hapa Ziwa Victoria, na hapa hamtaogelea kabisa, kwa kuwa mamba na viboko ndio wenyeji. Naiweka juu ya Unguja kwa sababu ya utulivu wake. Ni hifadhi ya taifa tangu 1977, ina msitu mnene, na mtu anaweza kutembea asubuhi nzima akisikia furukombe tu. Kuna nzohe, swala wa majini, kwenye matete, fisi maji, tembo, twiga, na sokwe ambao wahenga wao waliletwa kati ya 1966 na 1969 kutoka bustani za wanyama za Ulaya. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 hamsubiri tena kivuko. Mnapita Geita na Chato hadi Muganza, kisha boti. Lipieni banda la kulala la TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, mbebe unga, mafuta na mboga zenu. Chukueni vitambulisho vya NIDA, maana Mtanzania halipi kiingilio cha mgeni.

Ya tatu, Unguja. Samaki wapo kisiwa cha Mnemba, ila asubuhi boti zinakuwa nyingi mno. Kizimkazi sipapendi tena, pomboo wanafukuzwa na boti mpaka wanapiga mbizi kuzikimbia. Kisiwa cha Chumbe ndicho ningekilipia huko: uvuvi umepigwa marufuku kwenye matumbawe yake tangu 1994 na wageni wanaopokelewa ni wachache.

Unguja ndiko tulikolizwa. Tulinunua kwa simu safari ya "boti yenu wawili tu", tukafika tukakuta watu kumi na wanne na miwani minne ya kupokezana. Siku hizi sitoi hata malipo ya awali kabla muuzaji hajaniandikia kwenye WhatsApp idadi ya watu, muda wa majini, na kama kila mtu ana jaketi la kujiokoa linalomtosha.

Hilo la jaketi lihamishieni hata Ukerewe, ambayo ni ya nne. Mama mkwe wangu yuko Nansio, na tangu kivuko cha MV Nyerere kipinduke karibu na Ukara Septemba 2018 hatupandi chombo kilichojaa kupita kiasi, hata kama ni cha mwisho siku hiyo. Hapa mnanunua muda: sato wa kuchoma, baiskeli za kukodi, na siku moja Ukara kuliona jiwe linalocheza. Mkiingia majini kwa kushindwa kujizuia, mkapime kichocho baada ya miezi miwili au mitatu.

Saanane, kisiwa kilicho jirani na mji wetu, ni ya Jumamosi moja. Boti inaondoka Capri Point, hifadhi yenyewe ni kilomita za mraba 2.18, na pimbi wanaota jua juu ya mawe.

Kuhusu miwani, nunueni yenu kabla ya kusafiri. Ile ya bwawani haifai kwa kuwa haifuniki pua, na kina kikiongezeka inabana macho. Iwekeni usoni bila kufunga mkanda, mvute pumzi kidogo kwa pua, kisha mwachie mikono. Ikinata, ni yenu. Ya mume wangu haikunata dukani wala baharini, ikawa inaingiza maji kila dakika, mpaka nahodha alipomwambia, "Shemeji, ni hizo sharubu." Akazinyoa jioni ile, na kesho yake alikuwa wa mwisho kutoka majini.