Cherehani ya mkono ya kushonea nyumbani: uliza bobini kwanza

Mwezi wa Shaabani nilinunua cherehani ya mkono. Nyeusi ti, maua ya dhahabu hayajafutika, sanduku la mbao na ufunguo wake. Muuzaji akazungusha mkono, ikaenda laini, haina hata mlio. Nikatoa elfu tisa bila kuvutana naye sana. Nilipofika nyumbani nikavuta kile kibati cha kitanda cha cherehani, chini ya sindano, ili nitie uzi wa chini, nikakuta shimo tupu. Bobini, yaani kile kibiringi cha uzi wa chini, hamna, na chombo cha kubeba bobini hamna. Kumbe nimeuziwa gurudumu linalozunguka.

Nia yangu ilikuwa foronya sita za sebuleni, na pochi ndogo za mabaki ya leso za kutilia mkono wa Idi. Idi ikaja, watoto wakapewa noti zao kavu kavu.

Tangu nianze kusimulia msiba huu, wanawake wenzangu wanne wameniambia nao yaliwapata. Basi nimeona niandike. Habari za rangi na uzito hamtazipata hapa. Ni chuma, nzito zote.

Yangu ilikuwa Singer ya aina ya mashua. Namba 27, 28, 127 na 128 zote ni ndugu. Sindano ikishuka na kuanza kupanda, uzi wa juu hulegea ukafanya kitanzi. Chini yake kuna kichuma kirefu chenye ncha kama mashua, kimebeba bobini nyembamba kama kijiti, nacho hupita ndani ya kile kitanzi, mshono ukafunga. Hicho kimashua hutolewa kwa mkono kila uzi unapokwisha. Kitu cha kutolewa na kurudishwa kwa miaka sitini, nyumba yenye watoto, kitakosaje kupotea? Na cherehani isiyo nacho huzunguka vizuri kabisa dukani.

La kuudhi ni kwamba sindano yake ni ile ile ya kawaida, ya aina iitwayo 15x1, ipo kila duka la vifungo. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "spea zipo tele, mama," haongopi. Ni sindano anayoisemea. Mimi nimeingia Biashara Street hapa Mombasa duka kwa duka nikiulizia mashua, nikapewa zipu, nikapewa lastiki, nikaonyeshwa bobini za duara. Mmoja aliniuzia mashua ya cherehani nyingine. Ikaingia, ikakwaruza, ikakata uzi mshono wa tatu.

Sasa ukitaka kununua, tangulia na hili: nunua bobini moja ya duara ya namba 15, ya chuma (ndiyo ya zile mbili za kwanza nitakazozitaja; ya tatu ina yake), itie mkobani, ndipo utoke. Ukifika mwambie muuzaji atoe kesi, yaani kile kikopo cha chuma kinachobeba bobini. Bobini ikae bila kusukumwa. Kisha tungeni uzi, ushike ncha ya uzi kesi ining'inie hewani. Isidondoke yenyewe. Ukiitikisa kidogo, ishuke kidogo ikome. Ikiteremka moja kwa moja, au isipotetereka hata ukiirusha, kaza au legeza kile kiskurubu cha ubavuni ujaribu tena. Akikataa kukutungia uzi, rudisha bobini yako mkobani. Cherehani isiyojaribiwa kwa uzi na kitambaa haijajaribiwa.

Ninayoipenda mimi ni Butterfly. Naam, ya Kichina, ya Shanghai, ile yenye picha ya kipepeo, na nasema hivi huku najua dada yangu atanicheka. Kichwa cheusi cha aina ya JA2-1 kimefuata umbo la Singer 15, bobini yake ni hiyo hiyo ya namba 15, na mafundi wa mitaani wengi wameanzia hapo. Ikiharibika Majengo, itatengenezwa Majengo. Hainipi fahari sebuleni, lakini inashona. Wengi huinunua na meza ya miguu; wewe waweza kuchukua kichwa peke yake, ukakitilia kitako cha mbao na mkono wa kuzungusha. Angalia mawili tu: gurudumu liwe na matundu katikati, lile la vijiti, kwa kuwa kidole cha huo mkono wa kuzungusha hushika hapo. Gurudumu lililozibwa halitashikika. Na nyuma ya nguzo ya kichwa, karibu na gurudumu, pawe na tundu la skurubu la kufungia huo mkono.

Ya pili ni Singer 15K ya zamani. Hii K ni ya Kilbowie, kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilichofungwa mwaka 1980, basi ukiambiwa "hii imetoka kiwandani juzi" cheka uende zako. Chuma chake kitamu kuliko cha Butterfly, sikatai. Lakini ukitafuta kesi mpya beba ile kuukuu ulinganishe, maana kile kidole kinachochomoza kwenye kesi hakikai pahali pamoja kwa zote. Nyingine kimeelekea saa tano (kwenye 11 ya saa), nyingine saa saba (kwenye 1). Ukikosea hapo, kesi haitakaa.

Ya tatu Singer 99, ndogo, ya kubebeka, yafaa sana kwa vyumba vyetu vya Kibokoni. Bobini yake huingia kwa juu, ni ya namba 66. Nayo hufanana na ya 15 kama pacha, na maduka huzichanganya kopo moja. Ilaze juu ya kioo: ya 15 ni bapa, hutulia, ya 66 ya chuma imefutuka kidogo ubavuni, hucheza. Kuilazimisha ya 15 humo ni kujitafutia uzi wa kutatizana chini ya kitambaa.

Za umeme za plastiki ni rahisi na nyepesi, lakini umeme ukikatika usiku wa kuamkia Idi utashona na nini? Vile vidogo vya betri vya kushikwa kama stepla, hapana.

Kuna jambo la mafuta. Nunua mafuta ya cherehani, yale meupe mepesi. Msitie mafuta ya nazi, nawaomba, hata kama nyanya alitia. Yanaganda utando kwenye vyuma, na kwa hewa yetu ya chumvi, kutu ikishapata pa kukaa haitoki.

Halafu hawa wauzaji. Zamani kidogo cherehani kuukuu ilikuwa kuukuu. Siku hizi ni "antiki". Wameona watu wa mahoteli wanazitaka za kuwekea vyungu vya maua, basi bei imepanda maradufu na kazi ya kushona haiulizwi tena. Nyingine zimepakwa rangi upya na kubandikwa maua ya dhahabu ya karatasi. Pitisha ukucha pembeni, utaona. Mimi nilimrudia wangu na shimo langu tupu. Akanitazama, akasema: "Lakini si inapendeza?"

Butterfly niliipata mwezi wa Mfunguo Mosi, foronya nimezimaliza kwa kahawa na halua (nawa mikono kwanza, halua haitoki kwenye leso). Katika kukata leso nilijitahidi jina, yale maneno ya leso, lisikatike, nikashindwa mara mbili. Foronya moja inasoma nusu ya methali. Ile ya mashua ingali sebuleni, juu yake nimeweka dele la kahawa. Mwenye kimashua cha 28 kabatini kwake aniambie.