Nyara mbili za Ziwa Tanganyika: Fifi au Liemba?

Wageni wakifika gatini Kigoma huulizia meli ya Liemba tu. Vita Kuu ya Kwanza iliacha nyara mbili, yaani vyombo vya Wajerumani vilivyoishia mikononi mwa Waingereza, kwenye ziwa hili, na ukizipima kama vyombo vya kazi, hazilingani hata kidogo.

Fifi: nyota 2. Zamani iliitwa Kingani, boti ya mvuke ya Wajerumani ya kama mita 17. Waingereza waliiteka 26 Desemba 1915 ikiwa imetobolewa, wakaiwahisha ufukweni upande wa Kongo kabla haijazama, wakaziba matundu na kuibadilisha jina. Hadi hapo kazi safi. Walipoharibu ni kwenye silaha: omo, yaani mbele, walifunga mzinga wa pauni 12 (uzito wa kombora lake), mkubwa mno kwa umbo lile, na kila ukifyatuliwa teke lake liliipunguza boti mwendo. Tarehe 9 Februari 1916, ikiifukuza Hedwig von Wissmann, boti nyingine ya Wajerumani, kila kombora lilimpa adui nafasi ya kujitanua mbele. Makombora yakawa ya kuhesabu, moja likakwama mtutuni, zikapotea kama dakika 20. Adui alizamishwa, ndiyo, lakini kwa bahati zaidi ya hesabu.

Liemba: nyota 4 na nusu. Hii ni Graf von Götzen, meli ya Wajerumani iliyoundwa Papenburg, Ujerumani: ilisafirishwa vipande kwenye makasha kama 5,000, kwa meli hadi Dar es Salaam, kwa treni hadi Kigoma, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini Februari 1915. Mzinga wake wa milimita 105, uliotoka kwenye manowari Königsberg, uliondolewa mapema, hivyo aliyeiopoa baada ya kuzama hakupata silaha. Alipata injini, na hapo ndipo thamani ilipo.

Wajerumani waliizamisha wenyewe 26 Julai 1916, kusini mwa Kigoma. Kabla ya hapo mafundi walizipaka injini grisi nene. Chuma hupata kutu kikikutana na maji na oksijeni. Grisi ikifunika vizuri, vyote viwili vinakosa pa kuingilia. Maji matamu nayo yalisaidia, maana ya chumvi hula chuma haraka zaidi.

Nusu nyota nimeikata kwa sababu ya Wabelgiji. Waliiopoa kwanza, ikazama tena kwenye dhoruba ya 1920. Chombo kilichoelea bado hakijapona. Waingereza waliiinua 16 Machi 1924, wakakuta injini na boila bado zinafaa, lakini haikurudi kazini mpaka 16 Mei 1927. Miaka mitatu ya ukarabati, hata kwa mashine iliyotunzwa! Mvuke ule uliiendesha hadi miaka ya 1970, ilipofungwa dizeli.

Ukipata kuikaribia, tazama safu za ribiti, yaani pini za chuma zinazounganisha mabamba, kwenye ubavu. Palipochomelewa ni kiraka cha baadaye.