Siku 6 kwa njia ya Marangu: huduma nzuri, barafu ya kwenye picha

Nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu nikihudumiwa na kampuni ambayo sitaitaja, na kabla hata safari haijaanza nilivutiwa na mzani wa langoni. Kila furushi la mpagazi lilining'inizwa na kusomwa uzito mbele ya askari wa hifadhi, kwa kuwa mzigo wa msafara haupaswi kuzidi kilo 20 kwa mtu. Furushi moja la kundi letu lilizidi. Mtungi wa gesi ukatolewa palepale, akatafutwa wa kuubeba, na hapakuwa na kubembelezana. Chupa za maji za kutumia mara moja nazo haziruhusiwi, hivyo beba ya kujazia.

Vibanda vya Mandara na Horombo vilikuwa safi. Siku ya ziada ya kuzoea hewa pale Horombo, mita 3,720, usiikatae kwa kubana matumizi. Wapandaji wa safari ya siku 5 tuliowakuta Kibo, kibanda cha mwisho kabla ya kilele, walikuwa hoi kwa maumivu ya kichwa.

Lawama yangu ni juu ya matangazo. Picha za kampuni zinaonyesha kilele kilichofunikwa barafu, ilhali nilipokuwa nikitoka Stella Point, kwenye ukingo wa kreta, kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895, barafu ya Furtwängler iliyomo ndani ya kreta ilionekana kama masalio yaliyosahaulika juu ya mchanga wa kijivu. Tangu mwaka 1912 mlima umepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake. Mwongozaji wetu, ambaye kwa maoni yangu alistahili kuwa mwalimu, alitueleza kwamba theluji mpya ni haba, hewa ni kavu, na jua huila barafu kutoka ubavuni, nyingine ikigeuka mvuke bila kupitia maji, ndiyo maana kingo zake zimesimama wima kama zilizokatwa kwa panga. Hifadhi inaweza kupima mizigo, kudhibiti taka na kuulinda msitu, ambao tangu 2005 umo ndani ya mipaka yake, lakini sheria za langoni haziifikii hali ya hewa ya dunia, kwa hiyo siilaumu.

Nilipowaandikia kampuni kuhusu picha hizo, walijibu kwamba ni za kielelezo tu. Mwongozaji, mpishi na wapagazi nawapa nyota 5. Matangazo nayapa 1.